Picha Namba Thelathini na Saba

Kazini walimwita Mama Picha, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Alikaa kwenye kona ya chumba cha habari, kati ya kabati la chuma lisilofungika na dirisha lisilofunguka, na kazi yake ilikuwa moja: habari za fedha na biashara zikishaandikwa, yeye azitafutie picha. Bei ya unga ikipanda, picha. Benki ikitangaza faida, picha. Kiwanda kikifungwa, picha. Waandishi huhangaika na maneno na wahariri huyakata, lakini msomaji, tusidanganyane, hutazama picha kwanza, na wengi huishia hapo hapo wakafungia maandazi.

Kanuni ya kazi hiyo alifundishwa na bwana aliyemwachia kiti siku anastaafu. Habari ikipanda, macho yapande. Habari ikishuka, macho yashuke. Basi, hakuna la ziada. Ukitaka kuonyesha faida, tafuta mtu mwenye tai anayetazama juu kama anayeitwa na ghorofa. Ukitaka kuonyesha hasara, tafuta mtu aliyeinama. Ndani ya kompyuta yake picha zilikaa katika mafungu mawili, moja limeandikwa Juu, lingine Chini. Kwenye Chini walikuwemo wauza nyanya, mafundi viatu, watu wa foleni na kina mama walioshika tama. Kwenye Juu walikuwemo wakurugenzi. Haikumpitikia hata siku moja kwamba hakuna muuza nyanya aliyewahi kuhamia Juu, ingawa wauza nyanya nao hucheka, tena hucheka kuliko wakurugenzi.

Miaka ya mwanzo alikuwa akiumia. Kuna siku aliletewa picha ya mzee aliyepanga foleni ya pensheni, ndala zake zimefungwa kwa waya, akainuka akaenda msalani kunawa uso. Mhariri alimwambia pole, atazoea. Alizoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini hawakusema kwamba mazoea pia hutia ganzi, na kwamba ganzi haina maumivu yoyote, ndiyo maana mtu haendi hospitali. Kufikia mwaka wa kumi na saba Mama Picha hakuwa anaona watu tena. Aliona shingo na kope. Picha zilipangwa mbele yake zikiwa ndogo kama stempu, safu kwa safu, naye alizipitia haraka kama mtu anayechambua mchele. Kila picha ilikuwa na dakika nne za kutafutwa, na mara nyingi dakika moja ilibaki.

Walalamikaji hawakukosekana. Kila Jumatatu alipiga simu mwalimu mmoja mstaafu ambaye alikuwa akihesabu picha. Mwezi huu, alisema, matajiri wamecheka mara tisa katika gazeti lenu na maskini hawajacheka hata mara moja, kwa hiyo mmenunuliwa. Kila Jumanne walipiga watu wa makampuni. Kwa nini, waliuliza, tukipandisha bei kidogo mnatuwekea bibi kizee mwenye kikapu kitupu? Nyinyi mnachukia wawekezaji. Mara nyingine pande zote mbili zilikuwa zinalalamikia ukurasa ule ule. Mhariri wa biashara alifurahi sana siku hizo, akisema kwamba ukitukanwa kushoto na kulia ujue umesimama katikati. Mama Picha hakuwa amesimama popote. Alikuwa na dakika nne.

Sasa, alikuwa na kaka mmoja, baba mmoja mama mmoja. Wazazi wao walifuatana kufa yeye akiwa darasa la sita, na huyo kaka, kijana wa miaka kumi na tisa, akaacha masomo yake akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha magodoro. Walimweka kwenye mashine ya kukatia sponji. Mshahara wa sponji ndio uliomsomesha mdogo wake mpaka chuo, ukamnunulia sare, madaftari, na koti la mvua lililokuwa kubwa mno ili adumu nalo. Jioni kaka alirudi na vumbi la njano masikioni, yeye akampangusa kwa kitambaa cha maji huku akikariri masomo kwa sauti. Kaka hakuelewa hata nusu ya alichokuwa akikariri, lakini alitikisa kichwa pale ambapo sauti ilionyesha mtu atikise kichwa.

Pale kiwandani kaka alikuwa na sifa mbili. Alikata sponji kwa jicho bila kupima, na alikuwa msumbufu kwa kujivunia mdogo wake. Mdogo wangu yuko gazetini, aliwaambia wapakizi, madereva, walinzi, hata wageni waliokuja kuuliza bei ya godoro. Alinunua gazeti kila siku, ingawa zaidi ya kurasa za michezo hakuwa na haja nalo. Alibakiza miaka mitano astaafu.

Jumanne moja kiwanda kile kilitangaza mambo mawili kwa mpigo: faida ya mwaka imepanda, na wafanyakazi mia moja na themanini wanapunguzwa. Mama Picha alimpigia kaka yake asubuhi hiyo hiyo. Kaka alimtoa wasiwasi. Orodha ilisomwa jana, jina lake halimo, mashine ya sponji haina mtu mwingine anayeielewa. Mama Picha akamshukuru Mungu, akakata simu, akaendelea na kazi.

Saa tisa mchana mpiga picha alileta picha sitini na mbili kutoka lango la kiwanda. Kichwa cha habari kilikuwa tayari: Magodoro Yaleta Faida, 180 Nje. Habari hiyo ilitaka picha mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka. Ya kupanda haikumsumbua, alimtoa mkurugenzi kwenye fungu la Juu, anacheka, macho yako darini. Kwa ya kushuka alianza kupitia zile sitini na mbili. Watu wamesimama wanaongea, hapana. Watu wananunua maji, hapana. Mtu anapiga miayo, hapana. Namba thelathini na saba ilikuwa na mwanamume wa makamo mwenye ovaroli ya bluu, ameketi kwenye ukingo wa barabara, kiatu kimoja mkononi, shingo imekunjika, kope zimeshuka. Hiyo. Akaandika chini yake, "Mmoja wa wafanyakazi nje ya lango la kiwanda jana." Ilimchukua chini ya dakika mbili, na dakika zilizobaki alikunywa chai.

Jumatano asubuhi wifi yake, mke wa kaka, alipiga simu. Hakusalimia. Aliuliza kama gazeti ameliona. Mama Picha alijibu kwamba yeye ndiye anayelitengeneza, wifi, ataachaje kuliona. Wifi akamwambia alifungue tena.

Alilifungua. Kwa sekunde kadhaa aliona picha ile ile aliyoiweka jana, imekaa vizuri, haijakatwa vibaya. Kisha akamwona kaka yake. Lilikuwa sikio lake na bega lake, na ulikuwa mkono wake wa kushoto wenye kidole kisichonyooka. Alingoja moyo ushtuke, nao haukushtuka. Alijiona kama mtu aliyekalia mguu muda mrefu, anaugusa na kujua ni wake, lakini haumjibu.

"Hata sikio tu," wifi alisema. "Hata mtoto wa jirani amelijua hilo sikio."

Kaka mwenyewe alilichukulia kwa kicheko. Alimpigia mchana kumweleza kwamba viatu vipya vya kazi vilikuwa vinamla kisigino, kwa hiyo alitoka akakaa pale kuweka kipande cha sponji ndani, na kumbe jamaa yenu wa kamera ananivizia. Watu wote wananipa pole kwa kazi ambayo sijaipoteza, alisema. Halafu akauliza kidogo tu, kama anayeulizia hali ya hewa, iwapo ni mdogo wake aliyeupanga ukurasa ule. Mama Picha alisema hakuwepo, alikuwa na kazi nyingine siku hiyo. Uongo ulimtoka bila kukwama. Nilijua tu, kaka alisema, ungekuwepo usingeniacha nikatoka vile.

Kicheko kiliisha Alhamisi. Kiwanda kilimsimamisha kazi kwa barua. Ilisema amejipangisha apigwe picha ya kukichafua kiwanda, na kwamba inafahamika ana ndugu wa damu katika gazeti hilo. Inafahamika! Yeye mwenyewe ndiye aliyewafahamisha, miaka kumi na saba, kila asubuhi. Jumatatu saa nne afike mbele ya meneja utumishi kujieleza, la sivyo jina lake litaongezwa kwenye orodha ya wale mia na themanini, bila kiinua mgongo.

Mama Picha alikwenda kwa mhariri wa biashara kuomba marekebisho. Gazeti lile lilikuwa na kisanduku cha masahihisho ukurasa wa pili, na husahihisha vitu vidogo sana, cheo cha mtu, herufi ya jina. Mhariri alimsikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Lakini alimwuliza asahihishe nini. Je, yule si mfanyakazi? Ni mfanyakazi. Hakuwa nje ya lango? Alikuwa. Basi hakuna neno la uongo pale, na gazeti husahihisha maneno, picha haisahihishwi. Tukianza kusahihisha nyuso za watu, alisema, tutafunga duka. Kama anataka kwenda kusema kwa mdomo wake mwenyewe aende, siku moja ya ruhusa anampa.

Usiku wa Jumapili wale wote waliokuwa wamemzunguka kaka, waliopunguzwa na waliobaki, walikuwa wamekwisha kuamua nini kimetokea. Waliopunguzwa walisema gazeti limenunuliwa na mkurugenzi, ndiyo maana yeye kawekwa juu anacheka na mwenzao kawekwa chini kama kuku wa kuuzwa. Waliobaki walisema gazeti lina ajenda ya kukiua kiwanda. Kila mmoja alikuwa na njama yake mkononi. Hakuna aliyefikiria kwamba hapakuwa na njama yoyote, na kwa kweli ni vigumu kufikiria hivyo, maana njama angalau inakuthamini, inakaa kikao juu yako.

Ofisi ya meneja utumishi ilikuwa na meza ndefu, viti vitatu, na harufu ya gundi iliyoingia hata kwenye mapazia. Meneja alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alikuwa na faili. Ndani yake alikuwa amekata na kubandika kila picha ya kiwanda iliyotoka kwenye gazeti lile kwa miaka minne, kumi na nne zote, naye alizipanga mezani moja moja. Kila mara wakubwa wanacheka, alionyesha kwa kidole. Kila mara wafanyakazi wameinama. Aliuliza kwa upole kama hiyo ni bahati mbaya.

Mama Picha alizitazama. Zote kumi na nne alizichagua yeye, na alikuwa hazikumbuki hata moja. Akamweleza kanuni ya macho, Juu na Chini, stempu, dakika nne. Alieleza kama mtu anayesoma maelekezo ya kutumia pasi. Kaka aliketi pembeni yake, amevaa shati la kanisani, mikono juu ya magoti, akitikisa kichwa pale pale ambapo sauti ilionyesha mtu atikise kichwa.

Meneja akaiweka picha namba thelathini na saba katikati ya meza.

"Hii aliichagua nani?"

"Mimi," alisema Mama Picha.

Kaka aliacha kutikisa kichwa.

"Ulijua ni kaka yako?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na zote alizijua tangu Alhamisi. Akisema alijua, basi walipanga, na kaka hana kazi. Akisema hakujua, kaka anarudi kwenye mashine yake, na hilo alikuwa ameliamua hata kabla ya kupanda ngazi. Ambacho hakuwa amekifikiria ni kwamba atalazimika kulisema huku kaka ameketi karibu kiasi cha kugusana mikono.

"Sikumjua."

"Uliitazama hii picha?"

"Niliitazama. Sikumjua."

Meneja alivaa miwani. Akamtazama kaka, akaitazama picha, akamtazama tena kaka. Alisema yeye hakuzaliwa na huyu mzee, na aliliona gazeti likiwa mkononi mwa mlinzi, hatua tano mbali, akamjua. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akasema anaamini. Watu hutunga uongo ili waonekane wazuri, na hili haliwezi kuwa limetungwa.

Basi, limekwisha, alisema. Mzee atarudi kazini kesho. Lakini pale kiwandani palikuwa na utaratibu wa zamani: kila kesi ya nidhamu ikimalizika, maelezo yake hubandikwa kwenye ubao wa getini wiki nzima, ili watu wasibaki na minong'ono, na mhusika huyatia sahihi. Meneja aliandika mistari minne, akaisoma kwa sauti ili kila mtu aridhike. Picha haikupangwa. Ilichaguliwa na mdogo wa damu wa mfanyakazi huyu, ambaye aliitazama na hakumtambua. Mfanyakazi hana kosa. Akaisukuma karatasi upande wa pili na kalamu juu yake.

Kaka aliichukua kalamu, hakuandika. Aligeuka kwa mdogo wake.

"Uliniambia hukuwepo siku ile."

"Nilikuwepo, kaka."

"Ukaniona."

"Niliona mtu ameinama."

Kaka aliliwaza hilo. Uso wake haukuonyesha hasira, na Mama Picha, ambaye kwa miaka kumi na saba alijitapa kwamba anazisoma nyuso kwa sekunde moja, hakuweza kusema ulionyesha nini. Kaka akaikunja ile karatasi mara mbili, taratibu, akamrudishia meneja.

"Andika nyingine," alisema. "Andika tulipanga."

Meneja alidhani hakusikia vizuri. Kaka akarudia. Iandikwe kwamba alimpigia mdogo wake simu, akamwambia atakaa pale ukingoni, aje mtu wa kamera. Meneja akamwambia mzee, angalia, ukitia sahihi hilo unatoka leo, tena mikono mitupu, na miaka yenyewe imebaki mitano. Kaka alisema anaijua hesabu.

"Kaka, usifanye hivyo," alisema Mama Picha.

"Wewe nyamaza," kaka alimwambia, bila ukali, jinsi alivyokuwa akimwambia zamani akiwa na homa. Kisha kwa meneja: "Humu ndani nimewaambia watu miaka thelathini na moja kwamba nina mdogo wangu. Hiyo ya kwamba hakunitambua siwezi kuibandika getini. Mtu akikuchukia, angalau anakujua. Andika tulipanga, nitie sahihi, niende."

Meneja aliandika. Hii hakuisoma kwa sauti. Kaka alitia sahihi kwa mwandiko wake wa darasani, herufi moja moja, akaitia kalamu mfukoni, kumbe haikuwa yake, akairudisha na kuomba radhi. Mama Picha aliyaona yote hayo. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia, na alitaka kulia, alitaka kwa dhati kabisa. Alisubiri huku meneja akipiga mhuri. Hakikuja kitu, na hilo lilimtisha kuliko yote aliyoyasikia mle ndani.

Walishuka ngazi. Getini walinzi walimsalimia kaka kwa heshima zaidi ya kawaida, maana habari hutangulia miguu. Walitembea mpaka kona ya ukuta wa kiwanda, Mama Picha nusu hatua nyuma, kama alipokuwa mtoto. Alianza kusema kwamba atatafuta namna, ataongea na mhariri, anayo akiba kidogo. Kaka aliinua mkono.

"Wifi yako atakuuliza," kaka alisema. "Na watoto watakuuliza. Sema ulinijua."

Mtu huyu alimlea tangu darasa la sita, akamvisha na kumsomesha, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba kitu, hata maji ya kunywa aliinuka akachota mwenyewe.

"Nitasema, kaka," alimjibu.